Maziwa ya Njia ya Chumvi

Nilimwahidi shemeji yangu Marselina kibuyu cha maziwa, na ahadi hiyo niliitimiza. Katika safari ile niliahidi watu mambo mengi na mengi nikayasahau. Hili sikulisahau.

Marselina ni mke wa kaka yangu Tluway. Walikuwa wamekaa miaka minne katika ndoa bila mtoto, na kiangazi kile, wakati nafunga mizigo kwenye baiskeli, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa nyumba yao, jirani na nyumba ya mama ninamoishi mimi, akichambua maharage na kunicheka.

"Shemeji, wenzako wa rika lako wananunua pikipiki. Wewe unakwenda jangwani na baiskeli kutafuta chumvi. Dukani imekwisha?"

"Natafuta njia ya chumvi, siyo chumvi."

"Haya, ukiipata njia, ifuate urudi. Na uniletee maziwa ya Wabarbaig, yale ya kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi. Tangu nibebe huyu, maziwa ya hapa nyumbani yananuka majani tu."

"Nitakuletea."

"Apa."

"Mwalimu haapi. Mwalimu anaahidi."

Nilikuwa nimehitimu chuo cha ualimu, somo la historia, na nilikuwa najitolea katika shule moja ya sekondari juu ya Dongobesh huku nikisubiri ajira. Wanafunzi wangu waliweza kutaja kwa kukariri misafara ya chumvi iliyovuka Sahara na bidhaa zilizobadilishwa. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba babu za babu zao walishuka na punda kutoka nyanda hizi za juu, wakavuka mbuga kavu hadi Eyasi na hadi Balangida, wakarudi na magadi na chumvi mgongoni. Jambo hilo liliniumiza. Niliamini kwamba mtu asiyejua njia ya wazee wake hawezi kuheshimu nchi anayokanyaga. Nikaamua kuipita njia nzima kwa baiskeli wakati wa likizo na kuwaandikia wanafunzi daftari moja la historia yao wenyewe. Bado naamini hivyo. Ila sasa najua kwamba daftari linaweza kumdanganya anayeliandika.

Nilishuka bonde la Yaeda, nikafika kingo za Eyasi, nikapanda tena hadi Haydom, nikapita Basotu na kushuka Getanuwas kuelekea Balangida. Siku nane za kuendesha, kwenda na kurudi. Mwezi ule upepo ulikuwa na vumbi laini kama unga wa dona, na ulinivuma usoni tangu saa nne asubuhi hadi jua linapozama. Miiba ya migunga ilitoboa mipira mpaka nikawa naweka kiraka juu ya kiraka. Midomo ilipasuka, nilipotabasamu kumsalimia mtu nilionja damu yangu. Siku ya sita niliingia kwenye chumvi yenyewe, uwanda mweupe usio na kivuli hata cha kidole, na tabaka la juu likawa linavunjika chini ya gurudumu kama ukoko wa ugali, gurudumu likazama, nikashuka, nikasukuma, nikapanda, likazama tena. Maji yaliisha saa saba mchana. Nilipofika kwa wazee waliokuwa wakikusanya magadi ukingoni, nikawapa shikamoo na kuwaeleza nia yangu, mmoja aliniangalia kuanzia kofia hadi viatu.

"Marahaba. Babu zako walipita hapa na punda," akasema. "Wewe punda wako yuko wapi?"

"Sina punda, mzee."

"Unaye. Umempandisha baiskeli."

Walicheka hadi mmoja akaketi chini. Wakanipa maji. Nilicheka pamoja nao, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi, kwa sababu nilijiona nimepokelewa.

Siku hiyo hiyo tairi la nyuma lilichanika ubavuni. Nikajikokota hadi boma moja la Wabarbaig la Getanuwas, na mwendesha pikipiki akaahidi kuniletea tairi kutoka Mogitu. Alichukua siku mbili. Mwenye boma alikuwa mjane mtu mzima, aliyeitwa kwa jina la mwanawe, Mama Gidashoda. Gidashoda mwenyewe alikuwa mwanaume wa makamo aliyetembea ameinama, mkono mmoja kiunoni. Nilimpa pole. Akasema mgongo wake ni wa siku nyingi.

Asubuhi ya kwanza niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwetu. Ng'ombe mmoja mwekundu alikataa kuachia maziwa. Mama Gidashoda akaleta ngozi ya ndama iliyokaushwa na kujazwa nyasi, akaisimamisha mbele ya pua ya ng'ombe yule. Ng'ombe akaanza kuilamba, taratibu, masikioni na shingoni, na maziwa yakashuka.

"Ndama wake alikufa kwa nini, mama?"

"Hakufa. Katupwa kabla ya siku zake. Na yule mweusi katupa. Na mbuzi wawili wametupa."

Nilimwambia pole, kisha nikatoa daftari. Niliandika ukurasa mzima juu ya ngozi ile: akili ya wafugaji, huruma kwa mnyama, ustadi uliohifadhiwa bila shule. Maelezo mazuri, nayasoma hadi leo. Mama Gidashoda alikuwa amenipa habari ya ugonjwa, nami nikaiandika kama utamaduni.

Akanipa kikombe, maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha kidato cha kwanza, katika kipindi cha afya, kwamba maziwa huchemshwa. Nilishika kikombe kile na nikakumbuka somo langu. Nikafikiri: nikiomba sufuria, nitakuwa nimemwambia mama huyu kwamba nyumba yake ni chafu. Nikanywa. Nikanywa siku zote mbili, asubuhi na jioni. Nilipoondoka nilimweleza juu ya shemeji yangu mjamzito, naye akanijazia kibuyu kilichofukizwa kwa mkaa, akakifunga kwa ngozi na kukataa kabisa kupokea chochote.

Nilifika nyumbani siku ya pili yake. Maziwa yalikuwa yameganda njiani. Kaka yangu hali mgando, mama tumbo lake halipatani na maziwa tangu zamani. Marselina alikunywa peke yake, kikombe baada ya kikombe, kwa siku tatu.

"Haya ndiyo maziwa," aliniambia akifuta mdomo. "Mtoto akizaliwa nitamwambia, baba mdogo wako alivuka jangwa kwa ajili yako."

Homa ilianza shule zilipofunguliwa. Ilikuja jioni, kila jioni, kama mtu aliyepewa zamu. Asubuhi niliamka mzima kiasi cha kufundisha. Ikifika saa kumi alasiri viungo vilianza kuuma kimoja kimoja, goti, bega, nyonga, na jasho likatoka lenye harufu ya nyasi zilizolowa. Mama alianika shuka langu kila siku. Katika duka la dawa nilipewa dawa ya malaria bila kipimo. Wiki mbili baadaye, mahali pengine, nikaambiwa ni taifodi. Nikameza vyote. Homa ilipumzika siku tatu na kurudi.

Mgongo ulipoanza kuuma, kila mtu alikuwa na jibu.

"Baiskeli," alisema mama.

"Baiskeli," alisema mwalimu mkuu. "Siku nane juu ya kiti kile, mwalimu! Ulitegemea nini?"

Nami nilikubali, kwa sababu jibu lile lilikuwa na heshima. Maumivu ya baiskeli ni maumivu ya mtu aliyefanya jambo. Nikaacha kuandikia ubaoni nikiwa nimesimama. Suruali ikaanza kuhitaji mkanda, kisha mkanda ukahitaji tundu jipya. Mwezi wa pili wa homa, korodani ya kulia ilivimba ikawa nzito na ya moto, nami nikatembea kwa kutanua miguu. Wavulana wa kidato cha nne waliigiza mwendo wangu nyuma ya madarasa. Sikuwalaumu. Nilimficha mama, nikamwambia kaka peke yake.

"Ulilala na nani huko mbugani?"

"Sikulala na mtu, kaka."

"Mimi si padri. Sema tu tupate dawa."

Hakuniamini, na kwa majuma kadhaa alinisalimia kama mtu anayemsalimia mpangaji.

Katikati ya hayo Marselina alipoteza mtoto. Mimba ilikuwa na miezi saba. Alikuwa na homa siku kadhaa, akasema ni uchovu wa shamba, kisha uchungu ukaja kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kike na hakulia.

Wasomaji wa mbali watavumilia nieleze jambo moja. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyoharibikiwa mimba au kufiwa na mtoto mchanga hutengwa kwa kipindi, huitwa metimani. Mwanamke haendi kisimani na wenzake, hapiti njia ya wote, hagusi mifugo ya jirani, kikombe chake ni chake. Wengi wameacha. Mama yangu ni mama wa kanisa, anaimba kwaya, lakini siku ile alileta kikombe kimoja na sahani moja, akaviweka kizingitini pa nyumba ya Tluway na kurudi nyuma.

"Ni kwa ajili ya wote," alisema. "Hata mimi nilikaa."

Akaongeza, na nilimsikia, kwamba nyumba inayosubiri miaka minne kisha ikapokonywa ina jambo. Marselina alikuwa ndani, nyuma ya mlango wa mbao. Bila shaka naye alisikia.

Nilikwenda Haydom mvua za kwanza ziliponyesha. Basi lilitupa kila shimo, nami nilisafiri nikiwa nimening'inia kwa mikono ili nisikae. Hospitalini, foleni ya asubuhi ilikuwa imefika nje ya mlango. Mama mmoja kutoka Basotu aliyekuwa na mjukuu aliniona siwezi kusimama wala kukaa, akavua kitenge chake, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye benchi. "Kalia hapo, baba. Nitakidai ukiitwa." Uji aliokuja nao tulikunywa wote watatu. Naliandika hili kwa sababu katika miezi ile mambo ya namna hiyo yalikuwa machache, na bila hayo nisingefika mlangoni.

Walichukua damu. Nikarudi kukaa juu ya kitenge. Saa tisa niliitwa. Daktari alikuwa kijana wa rika langu, na hakuuliza habari za baiskeli.

"Ulikunywa maziwa mabichi?"

"Ndiyo."

"Unajua kama ng'ombe huyo alitupa mimba?"

Niliona ngozi ya ndama. Niliona ulimi wa ng'ombe ukiilamba. Akaniambia ni brusela, kwamba watu huipata kwa wanyama, kwamba inatibika kwa sindano kila siku majuma mawili na vidonge majuma sita, na kwamba korodani ile ingeweza kupona au kusinyaa. Kisha akashika kalamu.

"Nani mwingine alikunywa maziwa hayo?"

Nilikuwa nimesoma maadili ya ualimu. Nilikuwa nimewahi kumsimamisha mwanafunzi mbele ya gwaride kwa kusema uongo juu ya chaki. Nilisema, "Mimi peke yangu."

Nilipanga chumba karibu na hospitali pamoja na wagonjwa wengine wa mbali, na kila asubuhi nilikwenda kuchomwa. Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye ulimi mkali, na alipasha chupa ya dawa kiganjani mwake kwanza ili isiniumize. Alikuwa ameisoma karatasi yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Bado ni wewe peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Una boma la peke yako? Geuka."

Siku ya pili aliuliza tena. Siku ya tatu pia. Niliona ni utani, kisha nikaona si utani. Kila siku nilijipangia sababu: kwamba mimba zilitoka tangu dunia ianze, kwamba nikisema nitamwongezea machungu, kwamba nitamwambia nikipona. Homa yangu ilishuka siku ya tano. Siku ya saba nilikula ugali wote. Siku ya tisa niliweza kuinama nikafunga kamba za viatu, na nikalia kwa furaha. Kaka alinipigia simu jioni hiyo. Alisema Marselina ana homa za jioni, vidole vimevimba hashiki mwiko, na mama anasema muda wake wa kutengwa haujaisha, hawezi kupita barabarani kupanda basi.

"Wewe unaendeleaje?" akauliza.

"Naendelea vizuri," nikasema.

Asubuhi ya sindano ya kumi na moja muuguzi aliuliza kama kawaida. Nilimwambia kuna shemeji yangu. Nikamwambia mimba. Sindano ilikuwa tayari mkononi mwake, na hakuichoma. Aliishusha.

"Alipoteza lini?"

Nikamwambia.

"Na wewe ulijua lini ni maziwa?"

"Siku ya kwanza hapa, mama."

"Kwa hiyo hizi ni sindano kumi na moja," alisema. "Na yeye angekuwa na kumi na moja. Geuka."

Alinichoma bila kupasha chupa. Akaniandikia karatasi ya kumleta, na nikapanda basi saa ile ile.

Nilikuta mama anachuma mboga, kaka anatengeneza zizi. Marselina alikuwa ameketi ndani ya kizingiti chake na sweta mbili, jasho likimtiririka. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba kama ya msichana. Nilisema nikiwa nimesimama uani, wote watatu wakinisikia, na nilisema kwa mpangilio kama mtu anayesoma kumbukumbu za kikao, kwa sababu sikuweza kwa namna nyingine. Ng'ombe. Ngozi. Kikombe. Kibuyu. Swali la daktari. Jibu langu.

Hakuna aliyenipiga. Kaka aliweka shoka chini.

"Siku kumi na moja," alisema. "Nilikupigia simu."

Mama alishika majani ya mboga kifuani. "Hata kama ni hivyo, hajamaliza muda. Hawezi kutoka. Labda na wewe utengwe."

Marselina ndiye aliyejibu, polepole, maana taya lilikuwa likimuuma.

"Mama, mnitenge hospitali. Kule angalau kuna kitanda." Kisha akanigeukia. "Ulisema yote?"

"Yote, shemeji."

"Ile kwamba nyumba yangu ina jambo, hujaisema."

Nikamgeukia mama na kusema kwamba nyumba ya Marselina haikuwa na jambo. Jambo lililetwa na mimi kwa baiskeli. Mama aliingia ndani, akatoka na kitenge chake cha kanisani, akamfunga Marselina mabegani kwa mikono yake mwenyewe, akiwa amevuka kizingiti. Kisha akakaa chini. Tluway alimbeba mke wake mgongoni hadi barabara ya basi, katikati ya njia ya wote.

Damu yake ilionyesha kile kile. Tulichomwa asubuhi moja, chumba kimoja, mimi nikimalizia na yeye akianza, na hakuniambia neno. Vidonge vyangu viliisha mahindi yalipofika magotini; vyake viliisha yalipofika kiunoni. Korodani yangu ilisinyaa. Daktari hawezi kuniambia kama nitazaa, wala hawezi kumwambia Marselina kama atabeba tena. Vidole vyake vya mkono wa kushoto havifungi. Nyonga haimruhusu kuinama; analima ameketi, akijisogeza. Akinihitaji humwambia kaka, "Mwambie ndugu yako," hata nikiwa nimesimama hapo.

Baada ya mavuno nilirudi Getanuwas kwa basi pamoja na ofisa mifugo. Mama Gidashoda alisikiliza, mwanawe akiwa ameinama pembeni. Tulipomaliza aliniangalia bila hasira.

"Nilikuambia wametupa," alisema. "Wewe ukaandika."

Gidashoda alikubali kwenda kupimwa. Ndiyo faida pekee ninayoweza kuionyesha kwa uhakika, na ilichelewa miaka.

Wewe unayesoma haya ukiwa na homa ya jioni na jasho, ukiwa kwenye benchi unangoja kuitwa, nina ombi moja kwako. Chukua karatasi sasa, kabla hujaingia, uandike majina ya wote walioshiriki maziwa yako. Mkabidhi daktari kabla ya sindano ya kwanza.